Nilijipima mwenyewe na kibrashi, wameniambia nina HPV. Sasa hii ni kansa?

"Habari musawo (daktari). Mimi ni mama wa miaka 38, niko Koboko, hapa Uganda, nauza samaki wakavu sokoni, nina watoto watano. Mwezi jana VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja na nesi kwenye kikundi chetu cha kuweka akiba wakatupa vibrashi tujipime wenyewe, kila mtu aliingia pembeni akajichukua akarudisha. Majuzi wamenipigia simu wanasema nina HPV, niende kituo waniangalie na siki. Mimi sina maumivu, damu ya mwezi inakuja vizuri, sina kitu. Wenzangu wawili pia wameitwa na hawataki kwenda, mmoja anasema huko wanatoa kizazi, mwingine anasema ni kile kibrashi ndicho kimetuletea ugonjwa kwa sababu kabla yake tulikuwa wazima. Bwana yangu ni dereva wa lori, nikimwambia atauliza nimeutoa wapi, na mimi pia najiuliza. Hii ni kansa? Ni HIV? Naweza kungoja mpaka warudi tena kwa kikundi, maana boda kwenda na kurudi ni sente nyingi na nikikosa soko siku moja ni hasara? Kuna mtu ananiuzia dawa ya kusafisha kizazi, si hiyo ni bora? Na binti yangu ana miaka 11, sindano ya shuleni aliikosa kwa sababu siku ile nilimzuia nyumbani, watu walisema inamaliza uzazi."

Mama, asante kwa kuandika yote hivyo bila kuficha, maana maswali yako ndiyo wanawake wengi wanayo moyoni na hawaulizi. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Hapana, majibu hayo hayasemi una kansa. Na hayasemi una HIV, hivi ni virusi viwili tofauti kabisa na kipimo ulichofanya hakikuangalia HIV hata kidogo. Kilichopatikana ni kwamba kwenye mlango wako wa kizazi au ukeni kuna HPV ya zile aina ambazo zikikaa miaka mingi bila kuangaliwa zinaweza kuleta kansa. Zikikaa, na zisipoangaliwa. Kwa hiyo wewe leo uko mahali pazuri sana, umejua mapema, na bado kuna muda wa kutosha. Lakini hapo kwenye kungoja warudi kwa kikundi sikubaliani na wewe, na nitakuambia kwa nini.

Kwanza uelewe hiki kirusi kinafanyaje kazi. HPV ziko aina nyingi, zaidi ya 100, nyingine zinaleta vinyama tu vya sehemu za siri, nyingine hazifanyi lolote, na chache ndizo hatari, hasa namba 16 na namba 18 ambazo zenyewe mbili tu zinaleta karibu kansa 7 kati ya 10 za mlango wa kizazi. Mtu aliyegundua uhusiano huo, Mjerumani mmoja anaitwa Harald zur Hausen, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi kinapita kwa ngozi kugusana wakati wa kujamiiana, kondomu inapunguza lakini haizuii yote kwa sababu haifuniki ngozi yote. Karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu anakipata wakati fulani maishani, mwanamume kwa mwanamke, mchungaji, sheikh, mwalimu, sisi wasawo (watu wa afya) pia. Na kwa watu wengi sana, kama 9 kati ya 10, mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja mpaka miwili na mtu hajui hata kama kilipita.

Shida iko kwa wale wachache ambao kwao hakiondoki. Pale kwenye mlango wa kizazi kuna sehemu ambapo ngozi laini ya ndani inakutana na ngozi ngumu ya nje, na pale seli zinabadilika badilika muda wote, ndipo HPV inapopenda. Inaingia kwenye seli za chini kabisa halafu inatengeneza protini zake mbili, wataalamu wanaziita E6 na E7, ambazo kazi yake ni kuzima ule ulinzi wa seli, ule unaoiambia seli yenye kasoro isizaliane. Ulinzi ukizimwa, seli mbovu zinaendelea kuzaana pole pole. Hapo bado si kansa, tunaita mabadiliko ya kabla ya kansa, na kutoka hapo mpaka ifike kansa yenyewe kwa kawaida inachukua miaka 10 mpaka 20. Kwa mwanamke mwenye HIV ambaye hajaanza dawa inaweza kuwa haraka zaidi, hata miaka 5 mpaka 10.

Na katika miaka yote hiyo hakuna maumivu, hakuna damu, hakuna harufu. Hakuna! Ndiyo maana ukiniambia "sina kitu" mimi nafurahi, maana yake pengine bado ni mapema, lakini hiyo si sababu ya kukaa nyumbani. Huu ugonjwa ukianza kuuma umeshachelewa. Wengi wanaofika Mulago, ile hospitali kubwa ya Kampala, na kansa hii wanafika wakiwa kwenye hatua ya mbele, na ukiwauliza wanakuambia hivyo hivyo, nilikuwa sina kitu.

Sasa kibrashi. Naelewa kwa nini mwenzako anawaza hivyo, mlikuwa mnacheka sokoni, wakaja watu na vibrashi, wiki chache baadaye simu zinaanza kulia mmeugua. Lakini kile kibrashi kinatoka kwenye pakiti yake iliyofungwa, kinatumiwa na mtu mmoja na kutupwa, na kipimo kinatafuta vinasaba vya kirusi ambacho tayari kiko. Mara nyingi inatumika mashine ya GeneXpert, ile ile ya kupima TB. Kama kibrashi kingekuwa ndicho kinaleta, mngeitwa wote kikundi kizima, sivyo? Mmeitwa watatu. HPV hiyo pengine unayo tangu miaka mingi, kabla hata ya huyo mtoto wako wa mwisho.

Jambo lingine, kuna wanaosema kujipima mwenyewe ni kipimo cha maskini, cha ukweli ni kile cha daktari. Sio kweli. Kwa kipimo hiki cha HPV, kibrashi ulichojiwekea mwenyewe kinakaribia kabisa usahihi wa kile anachochukua nesi, kwa sababu kirusi kinapatikana hata ukeni, si lazima ufike kwenye mlango wenyewe. Na kwa kweli kwa nchi yetu hii mimi naona ndiyo njia iliyofungua mlango. Kisenyi pale Kampala walifanya utafiti na wanawake 500, nusu wakapewa kujipima wenyewe, nusu wakaambiwa waende kliniki wapimwe kwa siki. Waliopewa kujipima, karibu wote walijipima. Walioambiwa waende kliniki, hata nusu hawakufika. Sio wajinga hao, ni kama wewe tu, soko, watoto, nauli, aibu ya kuvua nguo mbele ya mtu usiyemjua.

Ila utafiti huo huo ulionyesha na upande wa pili, kwamba hata kati ya wale waliojipima wakakutwa na HPV, wako ambao hawakurudi kuangaliwa. Na hapo, mama, ndipo tunapowapoteza wanawake, katikati ya ile simu na kile kitanda cha kituo. Kibrashi hakitibu. Kimesema tu "njoo tukuangalie", na usipoenda ni sawa na kama hukupima. Hiyo ndiyo sababu sitaki ungoje.

Wewe unauza samaki wakavu, ukiona samaki mmoja ameanza ukungu pembeni ya gunia unamtoa huyo, hutupi gunia. Ndivyo wanavyofanya huko kituoni, wanatoa kile kisehemu kidogo kilichoanza kuharibika na kizazi kinabaki palepale. Ile hofu ya kutolewa kizazi imetoka wapi? Nadhani imetoka kwa wale waliochelewa, waliokwenda tayari wana kansa, na kweli wengine wakapasuliwa kizazi kikatolewa, wengine hawakurudi kabisa, na mtaani watu wakaunganisha, "alikwenda kupimwa wakamtoa kizazi". Hawakusema alikwenda akiwa anatoka damu miezi minane.

Ukifika, itakuwa hivi. Utalala kwenye kitanda umekunja magoti, nesi ataweka kile chombo cha kufungulia uke ili aone mlango wa kizazi, unabanwa kidogo lakini ukilegeza mwili na kupumua pole pole inakuwa rahisi. Anapaka siki, siki ya kawaida iliyopunguzwa nguvu, anangoja kama dakika moja. Penye seli zenye shida panageuka peupe, penye afya panabaki rangi yake. Inawasha kidogo, haiumi. Pasipokuwa na weupe unarudi nyumbani na tarehe ya kuja kupimwa tena, mara nyingi ni baada ya mwaka mmoja au miwili, na hiyo tarehe uiandike mahali usiposahau. Kuna vituo ambavyo wanamtibu kila aliyekutwa na HPV hata kama weupe hauonekani, ilimradi mlango wenyewe unaonekana vizuri, kwa hiyo usishtuke wakikuambia hivyo, na wao wana sababu, wanajua kurudi kwako ni taabu.

Pakiwa na weupe na ni padogo, wengi wanatibu siku hiyo hiyo. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachochoma kwa joto, kinatumia betri, kinagusishwa pale kwa chini ya dakika moja, wakati mwingine wanarudia mara mbili. Unasikia mkazo kama wa siku za mwezi. Zamani tulikuwa tunatumia zaidi ile ya kugandisha kwa baridi na vituo vingine bado wanayo, nayo inafanya kazi vizuri, tatizo lake ni mitungi ya gesi, gesi ikiisha wilayani basi kliniki imelala mpaka ije nyingine. Baada ya matibabu utatoka majimaji mengi wiki kadhaa, ni kawaida hiyo, tumia pedi au vitambaa safi, usiingize kitu ukeni na usilale na bwana kama wiki nne hivi, au ikishindikana kabisa, kondomu. Kuzaa bado utazaa ukitaka. Mwaka ukiisha unarudi waone kama pamepona.

Weupe ukiwa mkubwa, au umeingia ndani ambako jicho halifiki, hawatachoma, watakupa barua ya rufaa uende hospitali kubwa, kwa upande wenu ni hospitali ya rufaa ya Arua, ambako wanaweza kukata kile kipande kwa waya wa umeme na ganzi ya sehemu hiyo tu. Na wakiona kitu kinachotiliwa shaka kuwa ni kansa watachukua kinyama kidogo kipelekwe maabara. Sikutishi, nakuambia yote ili mtu asikushtue kwa neno jipya ukiwa umelala pale kitandani. Kwa mwanamke asiye na dalili kama wewe, kinachokutwa mara nyingi ni kwamba hakuna weupe, au upo lakini ni mdogo. Ah, na kama kuna uwezekano una mimba uwaambie kabla, maana mjamzito hatuchomi, tunangoja ajifungue.

Sasa tuje kwenye sente, maana najua hapo ndipo penye ugumu wenyewe na sitaki kuongea kama mtu ambaye hajawahi kuona bei ya boda. Nauli ya kwenda kituoni na siku moja ya soko ni hasara, kweli. Weka upande wa pili. Kansa ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda, karibu wanawake 7,000 wanaipata kila mwaka na zaidi ya 4,000 wanakufa nayo, na matibabu makubwa yanakupeleka mpaka Taasisi ya Kansa pale Mulago, basi la usiku kutoka Arua, wiki na wiki za mionzi, na ndugu wa kukupikia na kulala nawe huko. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago, ambayo ndiyo ilikuwa moja tu nchi nzima, iliharibika ikafa kabisa, ikabidi wagonjwa watafutiwe nafasi Nairobi, na wasio na uwezo wakabaki wanangoja. Sasa mashine mpya zipo, hali ni nzuri zaidi, lakini ukiniuliza mimi, nauli ya boda leo ndiyo bei ndogo kuliko zote utakazokutana nazo kwa ugonjwa huu.

Ila usiende kijinga. Piga simu kwanza, kwa ile namba iliyokupigia au kwa VHT, uulize maswali matatu: siku gani kliniki ya kupima mlango wa kizazi iko, nesi anayefanya hiyo kazi atakuwepo siku hiyo, na kifaa cha kuchoma kinafanya kazi au hakifanyi. Hilo la tatu wengi hawaulizi, wanakwenda, wanaangaliwa, weupe unaonekana, halafu wanaambiwa kifaa kimeharibika rudi mwezi ujao, na mtu harudi. Kama kwa kituo cha karibu hakifanyi kazi, bora uulize kama hospitali ya wilaya wanacho, uende huko moja kwa moja, safari moja. Mko watatu mlioitwa, si mkodi kitu kimoja mwende pamoja? Nauli inagawanyika na hofu pia inagawanyika. Chagua siku isiyo ya soko kubwa, usiende ukiwa kwenye damu ya mwezi, siku mbili kabla usioshe ndani na usiweke dawa yoyote. Beba kitenge chako cha kujifunika. Kama unataka nesi wa kike, sema, hiyo ni haki yako wala si kiburi, wakikuambia leo yuko mwanamume tu uamue mwenyewe, lakini mimi ningekuomba usirudi nyumbani kwa sababu hiyo peke yake, unaweza kudai mwanamke mwingine awepo chumbani. Na kama Kiingereza kinakusumbua nenda na mtu wa kukutafsiria, usitingishe kichwa tu kwa kitu hujaelewa.

Huduma hii kwenye vituo vya serikali ni ya bure, ada za wagonjwa ziliondolewa tangu 2001. Mtu akikuomba sente ya "gloves" au ya siki, muulize risiti, halafu muulizie inchaji (mkuu) wa kituo. Kliniki za binafsi zipo, watakuambia ufanye Pap, kile cha kuangalia seli za mlango wa kizazi, sio kipimo kibaya lakini lazima kiende maabara kisomwe na mtu aliyefundishwa, majibu yanakaa, na kwa kugundua shida mapema hakikipiti hiki cha HPV ambacho wewe umeshafanya bure. Kwa hiyo usiende kulipa kurudia nyuma.

Hiyo dawa ya kusafisha kizazi, mama, achana nayo. Sijali ni vidonge vya kuweka ndani, ni unga, ni maji ya mizizi, hakuna hata moja inayoondoa HPV, na hakuna dawa ya hospitali ya kuiondoa pia, tunachotibu sisi ni ile sehemu iliyoharibika. Uke unajisafisha wenyewe. Hizo dawa zinaunguza ngozi ya ndani, zinaleta uchafu na michubuko, na anayekuuzia akiona hayo majimaji yanatoka anakuambia "unaona, ugonjwa unatoka". Michubuko ndiyo inayomrahisishia hata kirusi kingine kuingia. Hizo sente ni nauli yako.

Kuhusu bwana. Ukweli ni kwamba hakuna anayeweza kukuambia nani alimpa nani. HPV inaweza kulala mwilini miaka mingi, inaweza kuwa ulikuwa nayo kabla hujaolewa, anaweza kuwa alikuwa nayo yeye kabla hajakuona, kwa hiyo majibu haya si ushahidi wa uzinzi wa mtu yeyote na usikubali kikundi wala mama mkwe wayageuze kuwa kesi. Mwanamume hana kipimo cha kawaida cha HPV cha kufanya, na kumpeleka akapimwe hakuna faida. Ukiamua kumwambia, mwambie hivi: wamepima wanawake kwa ajili ya kuzuia kansa, mimi ni kati ya walioitwa kuangaliwa, kuna kirusi ambacho karibu kila mtu mwenye ndoa anakipata, na baada ya matibabu tutapumzika wiki nne. Wanaume wengi wakisikia neno kansa wanatoa nauli wenyewe, tuwape haki yao. Lakini kama unamjua ni mtu wa kupiga, huna lazima ya kumwambia kabla, nenda kwanza, na mwambie nesi shida ya nyumbani ili mpange pamoja hizo wiki nne. Kitu kimoja cha kumweleza siku hali ya hewa ikiwa nzuri: utafiti uliofanyika Rakai, hapa hapa Uganda, ulionyesha kwamba mwanamume aliyetahiriwa anapunguza uwezekano wa kumpa mke wake HPV. Anapunguza, hamalizi.

Ukiwa kituoni omba pia upimwe HIV kama hujapima karibuni. Sikulazimishi na sina sababu ya kukushuku, ni kwamba mwanamke mwenye HIV yuko kwenye hatari ya kansa hii karibu mara sita zaidi, na ratiba yake ya kupimwa inakuwa ya karibu zaidi. Akiwa anameza dawa zake vizuri mwili unapata nguvu ya kupambana na HPV pia. Kama tayari unajua hali yako, waambie, usifiche, inabadilisha mpango.

Binti. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa upendo. Chanjo ya HPV haina kirusi ndani, ina ganda la nje tu la kirusi, mwili unalijifunza ili siku kikija cha kweli ukitambue. Haiwezi kuleta ugonjwa na haigusi mayai wala kizazi. Uganda ilianza kuijaribu 2008 kwenye wilaya za Ibanda na Nakasongola, na mwaka 2015 ikaenda nchi nzima, na wale wasichana wa kwanza saa hii ni wanawake wazima. Huko duniani imechomwa mamilioni na mamilioni tangu 2006 na habari ya kumaliza uzazi haijaonekana. Kinachomaliza uzazi ni kansa yenyewe. Inachofanya sindano ni mkono kuuma siku moja mbili, homa kidogo, wasichana wengine wanapata kizunguzungu kwa sababu ya woga wa sindano, ndiyo maana wanakalishwa kama dakika 15 kabla ya kuondoka.

Miaka 11 hajachelewa. Shirika la Afya Duniani linataka wasichana wa miaka 9 mpaka 14 wachanjwe, kabla hawajakutana na kirusi, kwa sababu chanjo inazuia, haifukuzi kilichokwisha kuingia. Ndiyo maana wewe mwenyewe haitakutibu hata wakikuchoma leo. Si lazima ungoje waje shuleni, chukua kadi yake ukampeleke kituo cha serikali siku ya chanjo, ni bure. Tangu 2022 shirika hilo limesema hata dozi moja inaweza kutosha kwa msichana mwenye afya, kwa hiyo muulize nesi ratiba wanayofuata pale. Kama binti ana HIV anahitaji zaidi ya moja. Na akishakuwa mtu mzima bado atapimwa kama wewe, chanjo haifuniki aina zote.

Umeuliza kwa ajili yako lakini naona nyuma yako kuna kikundi kizima. Kikundi cha akiba ni nguvu kubwa kuliko mnavyodhani. Mnayo sanduku, mnaweza kukubaliana kwamba kila aliyeitwa na kituo anapata nauli kutoka kwenye mfuko wa dharura kama mkopo usio na riba, tena kabla hata hajaomba, maana kuomba mbele ya watu ndiko kunatoa siri. Majibu ya mtu yabaki ya mtu, mwekahazina ajue tu "nauli ya kliniki" basi. Na wale wasawo wakirudi tena na vibrashi, waulizeni kabla ya kupokea: atakayekutwa na HPV atatibiwa wapi, lini, na nani? Kile kifaa cha kuchoma kinabebeka kwenye begi, kinatumia betri, kwa hiyo hakuna sababu wasije nacho siku ya kurudisha majibu wakaweka hema pale karibu na soko au kwenye shule ya jirani. Mwenyekiti wenu anaweza kuandika barua kupitia LC1 (uongozi wa kijiji) na inchaji wa kituo mpaka kwa ofisa wa afya wa wilaya, muombe siku moja. Wakisikia kuna wanawake arobaini wako tayari na siku imepangwa, wanakuja, kwa sababu hata wao wanahesabiwa kwa idadi ya waliofikiwa.

Wale wenye zaidi ya miaka 50 kwenye kikundi wasijione wamepona kwa sababu damu imekatika. Kipimo cha siki kwao hakisomeki vizuri kwa kuwa ile sehemu inaingia ndani na umri, lakini cha kibrashi kinafanya kazi, kwa hiyo waulizie hicho.

Mwisho kuna watu ambao hawapaswi kungoja kliniki, simu wala kikundi. Mtu akitoka damu baada ya kulala na bwana, au katikati ya mwezi, au damu ikirudi baada ya kukatika kwa umri, au ana uchafu wa majimaji wenye harufu mbaya usioisha hata kwa dawa, au maumivu ya nyonga na mgongo yasiyokwisha, au mguu mmoja umevimba, huyo asijipime na kibrashi, aende hospitali wiki hiyo hiyo aangaliwe kwa macho, na akipewa vidonge tu bila kuangaliwa adai aangaliwe. Wewe hujasema una lolote kati ya hayo. Kwa hiyo kesho asubuhi kabla ya kufungua meza, piga ile simu, uliza siku, uliza kifaa, halafu wapigie wale wenzako wawili.